Somo: Namna ya kusoma umri wa kabati la kale la Kiingereza kabla hujatoa pesa

Wakuu, salaam. Ndugu zetu walioko Uingereza wananitumia picha karibu kila wiki: kabati refu la mbao nyekundu iliyokolea, juu vioo, chini droo, na tangazo limeandikwa "Chippendale, karne ya 18". Swali ni moja: ninunue, nisinunue? Picha zote zimepigwa kwa mbele, na mbele ndiko kabati linakodanganyia.

Tuanze na hilo jina. Thomas Chippendale alikuwa fundi wa London, karakana yake ilikuwa St Martin's Lane, na mwaka 1754 alichapisha kitabu cha michoro ya samani. Kuanzia hapo fundi yeyote mwenye nakala aliweza kutengeneza "Chippendale" yake, na viwanda vya enzi ya Malkia Victoria vikaendelea kunakili miaka mia baadaye. Kwenye tangazo, jina hilo linataja sura tu. Kazi za karakana yake zenye stakabadhi zimo kwenye majumba kama Harewood House na Nostell, Yorkshire. Usitarajie kuzikuta Portobello Road, soko la vitu vya kale la London, Jumamosi asubuhi.

Umri unasomwa kwa ndani na kwa nyuma. Chukua tochi, futi na kitambaa, na uende mchana.

Hatua ya 1: Mbao

Mwaloni ulitawala mpaka Mfalme Charles II aliporudi kwenye kiti mwaka 1660. Ukafuata mjozi (walnut), ambao mara nyingi ulibandikwa kama venia, yaani utando mwembamba wa mbao nzuri, juu ya mbao za bei nafuu. Baridi kali ya 1709 iliua mijozi mingi Ulaya, na mwaka 1721 Bunge la Uingereza likafuta ushuru wa mbao za makoloni yake ya Amerika, Jamaica ikiwemo. Mahogani ikamiminika London. Basi ukiambiwa kabati la mahogani ni la mwaka 1690, funga pochi. Mwaloni nao usikuhadae, maana mafundi wa mashambani waliutumia karne yote ya 18.

Anayejua mkangazi atauona undugu, kwani miti hii ni ya ukoo mmoja, ila mahogani ya kale ya Jamaica na Cuba ni nzito ajabu. Inua droo moja utaelewa.

Hatua ya 2: Droo

Hapa usiharakishe. Toa droo zote, zipange sakafuni kwa mpangilio wake, kisha zigeuze.

Tazama pembeni, pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Fundi wa zamani alikata meno yanayoumana kwa msumeno na patasi. Meno ya mkono hayalingani sawasawa, na mara nyingi utaona mstari mwembamba alioukwaruza ili ajue wapi akomee. Ya karne ya 17 ni machache na manene. Kufikia katikati ya karne ya 18 fundi hodari alikata meno membamba kabisa. Yakiwa yamelingana yote kwa upana na nafasi, ni kazi ya mashine: nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye.

Kisha ubao wa chini. Nyuzi zake zinaelekea wapi? Kwenye droo za mwanzo zinatoka mbele kwenda nyuma. Kwenye miaka ya 1730 na 1740 hivi, mafundi wakazigeuza ziende kushoto na kulia. Si sheria ya chuma, lakini kabati linalodaiwa kuwa la Malkia Anne (1702–1714) na droo zake zote zina nyuzi za kwenda pembeni, muulize muuzaji.

Mbao husinyaa kwa upana, si kwa urefu wa nyuzi. Kwa hiyo droo ya miaka 250 huwa na ufa chini, au ufa uliozibwa kwa kipande. Pitisha vidole: randa ya mkono huacha mawimbi madogo, msumeno wa duara huacha alama za upinde, na hizo ni za karne ya 19. Tazama na rangi. Ndani hapakupakwa kitu, kwa hiyo palipopata hewa na vumbi pamekoza kuliko palipofichika. Rangi ikiwa sawa kila kona, mtu amepita na brashi.

Mwisho, tafuta ulikaji. Kingo za chini za droo hulika kwa kuvutwa, na reli inayozibeba hulika mahali palepale. Droo imelika na reli ni nzima? Ama reli imebadilishwa, ambalo ni tengenezo la kawaida, ama droo imetoka kwingine.

Hatua ya 3: Nyuma na kiungo cha kati

Makabati mengi marefu ni vipande viwili, kimoja juu ya kingine, na wauzaji wa huko wanaita "ndoa" pale vipande viwili visivyozaliwa pamoja vinapokutanishwa. Inua cha juu (muwe wawili). Uso wa juu wa kipande cha chini, ule unaofunikwa, haukuwa na sababu ya kupambwa. Ukikuta venia safi iliyong'arishwa pale, hicho kilikuwa kabati fupi linalojitegemea. Linganisha pia mbao za mgongoni, umri na kazi. Plaiwudi ni ya karne ya 20, hata kama muuzaji ataapa.

Hatua ya 4: Vyuma

Vishikio vilibadilishwa kila fasheni ilipogeuka, hivyo matundu ya ziada yaliyozibwa si dhambi. Ila tundu la zamani likionekana kwa ndani na mbele halina dalili, mbele pamebandikwa venia mpya. Skrubu ya mkono ina mfereji usiokaa katikati na ncha butu. Zenye ncha kali zilienea katikati ya karne ya 19. Yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na kuendelea.

Hatua ya 5: Miguu na vioo

Miguu huoza kwa unyevu wa sakafu, kwa hiyo mingi si ya asili. Punguza bei, usikimbie. Kwenye milango ya kale kila kioo kidogo kimewekwa peke yake kwa paki (putty), ule udongo laini wa kushikizia vioo. Kioo kimoja kikubwa chenye fito zilizobandikwa juu ni cha baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, langu lina vitundu vya wadudu. Si ndiyo ushahidi wa ukale?

Jibu: Hapana, fukusi hali kwa kuangalia tarehe. Vitundu vya milimita moja na nusu hadi mbili ni vya kawaida, na unga mpya chini yake maana yake bado wapo. Ukiona mifereji yao iko wazi juu ya ubao, ubao huo ulikatwa baada ya kuliwa, yaani mbao chakavu imetengenezewa kitu kipya.

Swali: Nikilileta Tanga litavumilia?

Jibu: Litavimba. Milango itakwama, na usikimbilie randa. Liache lizoee miezi kadhaa, mbali na kiyoyozi. Gundi ya kale ilipikwa kwa ngozi na mifupa, na unyevu na joto huilegeza. Venia ikinyanyuka, rudisha kwa gundi ya aina hiyohiyo, si ile nyeupe ya dukani, ili fundi wa kesho aweze kuibandua.

Swali: Fundi wangu anataka kulipiga msasa na vanishi.

Jibu: Mzuie, dada yangu. Venia ya mkono ina milimita mbili hivi, ya mashine haifiki hata moja, na msasa hauulizi. Futa vumbi, paka nta, basi.

Swali: Kuzunguka tundu la ufunguo kuna kipande cheupe. Ni pembe ya ndovu?

Jibu: Inawezekana. Pembe nyingi za karne ya 19 zilipita Zanzibar kwenda London, na vipande vidogo viliishia kwenye vitasa kama hivyo. Sheria ya Pembe ya 2018, iliyoanza kutumika Uingereza Juni 2022, inakataza kuuza hata kitu cha kale, isipokuwa kwa misamaha michache. Kitu cha kabla ya 3 Machi 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 kinaruhusiwa, lakini lazima kisajiliwe kwanza. Kukisafirisha nje kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo mwombe muuzaji karatasi ya usajili kabla hujaita mtu wa kontena.