Kabla ya Kupaka Bunduki Mafuta: Mambo ya Kuzingatia kwa Tunaoishi Pwani ya Tanga

Kama unamiliki bunduki kwa leseni na unaishi Tanga, iwe Raskazone jirani na maji au Muheza kwenye michungwa, adui mkubwa wa chuma chako ni chumvi iliyomo hewani. Chumvi ya bahari hunyonya unyevu, na huyeyuka kabisa pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani hupita kiwango hicho hata bila mvua. Ikishayeyuka inakuwa maji ya chumvi yaliyotanda juu ya chuma, na kutu huanzia hapo. Ndiyo maana nasisitiza kwa kila anayeniuliza mafuta gani ni mazuri: swali hilo ni la pili. La kwanza ni kama chuma kimesafishwa na kukauka. Ukipaka mafuta juu ya chumvi na jasho la mikono, umeufungia uharibifu ndani.

Kabla ya kugusa kopo lolote, hakikisha bunduki ni tupu. Toa magazini, vuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), tazama ndani ya chemba (sehemu risasi inapokaa), kisha ingiza kidole kidogo upapase. Giza linadanganya macho, kidole hakidanganyiki. Risasi zote zifungiwe chumba kingine, zisibaki hata pembeni ya meza. Watoto wasiwepo. Fungua madirisha, na jiko la mkaa liwe mbali, maana mafuta ya taa na viyeyushi vinatoa mvuke unaoshika moto.

Andaa vitambaa vya pamba vilivyofuliwa na kukauka sawasawa. Fulana kuukuu inafaa sana. Ufito wa kusafishia uingie kwa nyuma, upande wa chemba, kama aina ya bunduki yako inaruhusu. Ukiingiza kwa mbele, ufito unasugua ukingo wa mdomo wa mtutu, na ukingo ukishalika upande mmoja risasi haiendi tena pale ulipolenga.

Kitambaa kinachotoka kitazame vizuri kabla hujakitupa. Cheusi ni masizi ya baruti, hilo ni la kawaida. Kikitoka na ukijani au ubuluu baada ya kutumia kiyeyushi cha shaba, ni shaba iliyobanduka kwenye risasi ikaganda kwenye mifereji ya mtutu; rudia mpaka rangi hiyo iishe, kisha ufute kiyeyushi chote. Kikitoka na wekundu wa hudhurungi, hiyo ni kutu, na hapo usiendelee na mafuta kana kwamba hujaona. Kama umefyatua risasi za zamani zenye fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) ya klorati ya potasiamu, ujue zinaacha chumvi yao wenyewe ndani ya mtutu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Inaondolewa na maji ya moto, kisha unakausha mara moja mpaka kitambaa kitoke kikavu kabisa.

Sasa mafuta yenyewe. Huku kwetu nyumba nyingi zina mafuta ya nazi, na wapo wanaoyapaka kwenye bunduki. Siku za mwanzo chuma kinang'aa, lakini mafuta ya mimea huchacha kwa hewa na muda, yakaacha utando unaonata. Zaidi ya hayo, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukitoka Tanga mjini ukapanda nayo Lushoto mwezi wa saba, yanaweza kuganda kwenye pini ya kufyatulia, pini ikapiga kinyonge na risasi isiwake. Risasi iliyochelewa kuwaka ni hatari: mtutu ubaki umeelekezwa pasipo na mtu na usubiri kabla ya kuvuta bolti. Mafuta ya kupikia mengine nayo yaache jikoni.

Oili chafu ya gari ndiyo naipinga kwa nguvu zote. Inafaa kupakwa kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Kwenye bunduki inaleta asidi zilizozaliwa ndani ya injini, masizi, na chembechembe za chuma zinazosaga kila kinachoteleza.

WD-40, ile ya kopo la kupuliza, iko kwenye maduka mengi ya vipuri. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ukinyeshewa porini, ianze hiyo. Lakini isiwe ndiyo ya mwisho kupakwa kabla ya kuhifadhi, kwani sehemu kubwa yake hukauka ikaacha utando mwembamba mno kwa hewa yetu. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hayanati, na yanapatikana kirahisi. Yanafaa kwa bolti na bawaba, ila pwani itabidi uyarudie mara kwa mara. Ukipata mafuta maalumu ya bunduki yenye dawa ya kuzuia kutu, hayo ndiyo chaguo langu kwa mtutu na sehemu zote za nje. Grisi iende kwenye masikio ya bolti yanayofunga chemba na kwenye pini ya bawaba ya shotigani, kiasi cha punje ya mchele tu.

Katika kupaka, dondoshea mafuta kwenye kitambaa, usidondoshee kwenye bunduki. Kitambaa kikilowa kidogo, pitisha juu ya chuma chote, kisha kwa kitambaa kikavu futa mpaka ubaki utando usioonekana kwa macho. Mafuta mengi hayalindi zaidi. Yanakusanya vumbi, na kwenye kifyatulio vumbi hilo hugeuka tope. Yanateremka pia hadi kwenye mti wa kitako, na mti uliolowa mafuta kwa miaka hulainika na kupasuka. Bunduki iliyotoka kupakwa isimamishe mdomo ukiwa chini, ili yaliyozidi yatoke nje. Kama kitako unakipaka mafuta ya kitani, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke kimoja kimoja. Vikirundikwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Chemba iwe kavu, na risasi nazo ziwe kavu. Wapo waliosikia kwamba wenzetu wa nchi nyingine wanaojaza upya maganda ya risasi huyapaka kilainishi, wakadhani nasi tupake risasi mafuta ziingie kwa ulaini. Kilainishi kile ni cha kulisaidia ganda lisikwame kwenye kalibu linaposhindiliwa lirudi kwenye kipimo chake, na hufutwa chote kabla ya risasi kutumika. Sababu ni hii: risasi inapolipuka, ganda la shaba linatanuka na kushika kuta za chemba, na mshiko huo unapunguza nguvu inayorudi nyuma. Kukiwa na mafuta ganda linateleza, na msukumo mkubwa zaidi unaiangukia bolti, ambayo iko karibu na uso wako. Mafuta mepesi yanaweza pia kupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Tukumbuke vilevile kwamba leseni ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kutengeneza risasi.

Mahali pa kuhifadhi pawe sanduku la chuma linalofungwa kwa ufunguo. Mfuko wa ngozi au turubai ni wa safarini tu, kwa sababu unashika unyevu, na ngozi ina masalia ya dawa za kuitengenezea yanayokula chuma. Weka vipakiti vya silika, chembe zinazonyonya unyevu, ndani ya sanduku. Vikishajaa maji vikaushe kwa oveni kwenye nyuzi 120 hivi. Jua peke yake halitoshi. Wakati wa masika fungua sanduku kila wiki ukague, hata kama bunduki haijatoka.

Siku ya kuitoa, pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu na chemba, kisha toa bolti uangalie mwanga upande wa pili. Uone duara safi, kamili. Kipande kimoja cha kitambaa kilichosahaulika ndani kinatosha kuupasua mtutu.