Jinsi mafundi wa Khufu walivyopandisha piramidi, hatua kwa hatua

Mimi ni mwashi wa mawe. Nikifundisha vijana kupima msingi, huwatolea mfano wa piramidi kubwa ya Giza, kaburi la mfalme Khufu wa Misri, iliyojengwa miaka kama 4,500 iliyopita kwa kamba, timazi, guni (kipimo cha pembe mraba) na patasi za shaba.

1. Kaskazini. Chagua mwamba mgumu, kisha tafuta kaskazini kwa nyota. Pande za piramidi ya Khufu zimekosea kaskazini kwa chini ya sehemu ya kumi ya nyuzi moja.

2. Msingi. Hapa usiharakishe. Kilima cha mwamba kilichopo katikati kiache, kitakupunguzia mawe. Sawazisha ukingo tu. Ila kilima kikibaki huwezi kuvuta kamba kutoka kona hadi kona kuhakiki mraba, hivyo kila kona ipigwe guni kwa uangalifu wake. Upande mmoja ulikuwa na mita 230, na ukingo mzima ulipishana kimo kwa sm 2 hivi! Hata leo, mwenye pimamaji angejivunia kazi hiyo.

3. Mawe. Mengi yachimbwe palepale. Mawe meupe ya chokaa, ya ganda la nje, yatoke Tura, ng'ambo ya Nile. Merer, msimamizi wa wanamaji kama 40, aliandika safari hizo kwenye karatasi za mafunjo zilizopatikana Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mwaka 2013. Itale, jiwe gumu sana, hutoka Aswan, kusini mwa Misri. Patasi ya shaba hailiwezi: liponde kwa mawe magumu zaidi, au ulikate kwa msumeno wa shaba na mchanga. Kinachokata ni mchanga.

4. Kuburuta. Funga jiwe juu ya kitelezi cha mbao, mtu mmoja amwage maji mchangani mbele yake. Mchanga ukilowa kwa kiasi, nguvu ya kuvuta hupungua kama nusu. Ukizidisha maji, kitelezi kinazama.

5. Mwinamo. Kwa kila dhiraa moja ya kupanda, yaani viganja 7, ingia ndani viganja 5 na nusu. Jaribu ukutani: sm 70 juu, sm 55 ndani. Pima upya kila kozi (safu ya mawe), pande zote nne, la sivyo kingo hazitakutana kileleni, mita 146 juu.

6. Kulainisha. Anza juu, ushuke. Kwenye piramidi ya Menkaure, jirani yake, mawe mengi ya itale ya chini hayakulainishwa, na vinundu vyake bado vinaonekana.