Sokwe wa Gombe kwa penseli: anza na macho, nywele baadaye

Picha yangu ya kwanza ya sokwe nilimwonyesha baba mdogo, aliyeendesha mashua miaka mingi kutoka Kibirizi, Kigoma, kwenda vijiji vya kaskazini, kupita hifadhi ya Gombe. Akaitazama, akanirudishia. "Mwanangu, huyu ni mtu aliyevaa manyoya."

Alisema kweli. Nilikuwa nimemchorea macho ya binadamu, yenye weupe huku na huku. Kwa sokwe wengi, pale ambapo sisi tuna weupe wao wana kahawia iliyokolea. Basi tia kivuli jicho zima, ubakize nukta moja ndogo ya karatasi tupu upande unakotoka mwanga. Nukta hiyo ndiyo uhai wake. Izungushie alama mapema, maana ukishaifunika, raba haiirudishi ilivyokuwa.

Kabla ya macho, pima kichwa. Tumia penseli ya HB, ya ugumu wa kati, mkono mwepesi kabisa. Mtu macho yake yako katikati ya kichwa. Sokwe karibu hana paji, mfupa wa nyusi umetokeza kama ukingo wa baraza, kwa hiyo macho yanapanda juu. Pua ni bapa. Kutoka pua hadi mdomo kuna nafasi ndefu, na hapo ndipo wengi tunapofupisha, sura ikageuka tena ya mtu. Masikio ni makubwa, yamesimama wazi. Mtoto mpe uso mweupe kiasi, huwa unakolea akikua. Ndevu nazo usizidharau: Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwaka 1960, alimwita sokwe mmoja David Greybeard kwa sababu ya ndevu zake za mvi.

Sasa nywele. Usikimbilie penseli ya 6B; kadiri namba ya B inavyopanda, penseli huwa laini na nyeusi zaidi. Weusi wa sokwe si wa masizi ya sufuria. Jua likimpiga mgongoni, nywele zinang'aa. Anza na 2B ukifuata zinakoelekea: kichwani zinarudi nyuma, mashavuni zinashuka. Kila mstari ukandamize kwenye shina, kisha inua mkono taratibu ili ncha iwe nyembamba kama unywele wenyewe. Pita tena na 4B, ukiacha mianya. 6B iweke kwenye mikunjo tu: chini ya kidevu, nyuma ya sikio, kwapani. Halafu kata raba kwa wembe ipate ncha kali, uchore nayo nywele zilizopigwa na mwanga. Mimi napenda hatua hii kuliko zote.

Chini ya kiganja weka karatasi safi. Joto la Kigoma linatoa jasho, na jasho likigusa kivuli cha 4B, kazi ya siku mbili imechafuka.

Ukimaliza, isimamishe ukutani, rudi nyuma hatua nne. Kama unaona nywele kabla ya macho, rudi na 4B, ongeza giza chini ya mfupa wa nyusi.