Pikapu ya zamani haivuti? Pima kwa mpangilio huu kabla hujagusa kabureta

Swali la "pikapu imepoteza nguvu, ninunue kabureta gani?" limejibiwa mpaka vidole vimeota sugu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena ataletwa hapa. Haya ni ya injini ya petroli yenye kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distribyuta (inayogawa cheche kwa plagi). Dizeli ina njia yake.

Kwanza itambue dalili. Ikisita pale tu unapokanyaga kisha ikaamka, shuku pampu ndogo ya kabureta au hewa inayoingia pembeni. Ikiondoka vizuri halafu ikafa nguvu mlimani, mafuta hayafiki ya kutosha. Ikiwa nzito muda wote, ni taimingi (wakati cheche inapopiga), kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), eksozi au breki zinazoshika. Injini ikipiga kelele na gari haliongezi mwendo, hiyo ni klachi.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la injini. Mahali tambarare, pasipo mtu mbele, vuta hendibreki, ingiza gia ya 4, pandisha injini kidogo, achia klachi. Inatakiwa izimike. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Jaribu mara moja tu, ukirudiarudia utaiunguza. Kisha piga jeki uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Linalogoma, breki yake haiachii.

Hatua ya 2: Kipepeo cha kabureta, yaani bamba linalofunguka kooni ukikanyaga mafuta. Injini imezimwa, eya klina imetolewa, mtu akanyage mafuta hadi sakafuni. Kipepeo kisimame wima kabisa. Kisiposimama, kebo imelegea au zulia limeingia chini ya pedali. Kwenye kabureta ya makoo mawili, koo la pili likiwa linafunguliwa na vakyumu (mnyonyo wa injini) halitafunguka injini ikiwa imezimwa, usishtuke. Choki iwe wazi kabisa injini ikiwa ya moto.

Hatua ya 3: Eya filta. Chafu? Badilisha.

Hatua ya 4: Mafuta. Badilisha fyueli filta. Legeza kifuniko cha tangi: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na gari likapata uhai, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Kagua mipira kati ya tangi na pampu. Upande huo pampu inavuta, kwa hiyo mpira uliopasuka unaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone, na watu huukosa kwa sababu wanatafuta petroli inayovuja. Kisha pima pampu: chomoa waya mwembamba unaoingiza umeme kwenye koili (inayozalisha umeme wa cheche), uufunge tepu, elekeza mpira wa kabureta kwenye chupa, piga stata sekunde 15. Mafuta yatoke kwa mapigo yenye nguvu, bila mapovu. Injini ya lita 2 ikifanya kazi kwa nguvu zote hunywa karibu nusu lita kwa dakika, kwa hiyo kijiko kimoja kimoja hakitoshi. Injini iwe imepoa, na asiwepo mvuta sigara karibu.

Hatua ya 5: Plagi, waya, pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta). Plagi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Imelowa oili, nenda hatua ya 8. Pengo la plagi mara nyingi ni milimita 0.8 na la pointi karibu 0.45, lakini kitabu cha injini yako ndicho hakimu.

Hatua ya 6: Taimingi. Soma yote ndipo ushike spana. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Cheche zikichelewa, gari linakuwa zito, injini inachemka na eksozi inapata moto kupita kiasi. Zikiwahi mno, injini inagonga kama kokoto kwenye kopo ukiibebesha mzigo, na pistoni hutoboka hivyo. Chomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta NA UUZIBE. Injini iwe ya moto na iwe sailensa sahihi, yaani inanguruma yenyewe bila mguu kwenye mafuta. Mulika alama ya puli ya kranki kwa taa ya taimingi, legeza distribyuta, zungusha kidogo kidogo mpaka alama ifike digrii za kitabu chako.

Sasa onyo kubwa: alama ya puli inaweza kudanganya. Puli nyingi ni vipande viwili vilivyounganishwa na raba. Raba ikizeeka, kipande cha nje kinahama pamoja na alama, nawe utaweka "digrii 8" ambazo si 8. Hakikisha hivi: toa plagi zote, ingiza mrija mrefu wa plastiki kwenye tundu la silinda ya 1, zungusha kranki kwa spana. Pistoni ikifika juu, mrija utaonekana umesimama tuli kwa muda, kwa hiyo usikisie kwa macho. Weka chaki kwenye puli mrija ukiwa milimita 10 chini ya kilele wakati unapanda, na nyingine ukiwa milimita 10 chini wakati unashuka. Katikati ya chaki mbili ndiyo kilele halisi. Usitumie bisibisi: tundu likiwa mshazari, chuma kitabanwa kati ya pistoni na hedi. Kumbuka pia pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja kamili wa kazi, yaani kranki ikizunguka mara mbili. Unayoitaka ni ile ambayo rota (kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta) inaelekea waya wa plagi ya 1.

Ukimaliza, pandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Alama isiposogea, vyuma vya uzito ndani ya distribyuta, vinavyowahisha cheche mizunguko ikipanda, vimeshika kutu. Nyonya mpira wa vakyumu kwa mdomo: bamba la ndani lisogee na libaki limeshikwa. Lisiposhikwa, ngozi ya ndani imepasuka.

Hatua ya 7: Kabureta, sasa ruksa. Injini imezimwa, chungulia kooni, sukuma kipepeo ghafla. Petroli iruke papo hapo. Isiporuka, pampu ndogo imekufa.

Hatua ya 8: Kompresheni. Plagi zote nje, umeme wa koili umechomolewa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Injini nyingi za aina hii zikiwa na afya hutoa psi (kipimo cha presha) 140 hadi 180, lakini kinachosema zaidi ni tofauti kati ya silinda. Iliyo chini, mwagia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi.

Hatua ya 9: Eksozi. Bomba lililobonyea, au bati la ndani lililokatika likaziba njia. Unganisha geji ya vakyumu kwenye manifodi, shikilia mizunguko 2,500. Sindano ikishuka taratibu bila kurudi, pumzi haitoki.

MASWALI

Swali: Yangu haivuti, nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Nimeweka kabureta mpya na bado ni nzito. Maelezo yako hayasaidii.
Jibu: Maelezo yanasema kabureta ni hatua ya 7. Sita za kwanza ulipata majibu gani? Andika namba za kompresheni na rangi za plagi, tuendelee. Bila namba tunapiga ramli.

Swali: Kwa nini mpira wa vakyumu uzibwe? Kuuchomoa hakutoshi?
Jibu: Swali zuri. Kwenye injini nyingine, vakyumu huwahisha cheche hata ikiwa sailensa. Ukipima mpira ukiwa umeunganishwa, utaona digrii nyingi, utarudisha nyuma. Kisha barabarani ukikanyaga, vakyumu inashuka, nyongeza ile inatoweka, unabaki na cheche zilizochelewa pale pale unapohitaji nguvu. Kuuziba ni kwa sababu mpira ulio wazi unanyonya hewa, sailensa inabadilika, na vyuma vya uzito vinaweza kuanza kusogea kabla hujapima.

Swali: Yangu ni dizeli, plagi nitazipata wapi?
Jibu: Mstari wa kwanza kabisa, ndugu.

Swali: Baada ya kuweka matairi makubwa imekuwa nzito. Ni taimingi?
Jibu: Si lazima. Tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia 10, ni sawa na kurefusha gia zote kwa kiasi hicho. Na spidi mita sasa inasoma pungufu. Pima, lakini usishangae ukikuta injini ni nzima.

Nyongeza ya msomaji: Hedi ikiwa ya alumini, toa plagi injini ikiwa baridi. Kuzirudisha, chomeka kipande cha mpira wa mafuta kwenye kichwa cha plagi uzungushie huo. Ukiingia kombo, mpira utateleza kabla nyuzi hazijakatika.
Jibu: Nami hufanya hivyo. Na peperusha vumbi kwenye matundu kabla hujazitoa, mchanga usiangukie silinda.