Kupima kolinesterasi kwa wapuliziaji wa dawa za tumbaku Tabora

Mpuliziaji wa Urambo au Kaliua akipimwa kolinesterasi (kimeng'enya cha damu ambacho baadhi ya dawa za wadudu hukizuia) mara moja tu katikati ya msimu, majibu yake hayakupi la kutegemea. Kiwango cha kimeng'enya hiki hutofautiana sana baina ya watu: aliyeanza juu anaweza kupoteza theluthi nzima na maabara bado ikamwandika kuwa yuko kawaida. Wa kumlinganisha naye ni yeye mwenyewe, kabla hajabeba bomba mgongoni. Kipimo cha awali hakirukwi.

Kichukue Julai, kabla vitalu vya miche havijaanza kupuliziwa. Mhusika awe amekaa siku 30 au zaidi bila kugusa oganofosfeti wala kabameti, makundi mawili ya dawa za wadudu yanayozuia kimeng'enya hiki. Hapa uliza kwa undani. Je, alipulizia pamba Igunga? Aliogesha ng'ombe? Alichanganya mahindi ya ghalani na dawa yenye pirimifosi? Hiyo nayo ni oganofosfeti, ingawa mwenyewe haihesabu kuwa dawa ya shamba. Pima mara mbili, vipimo viachane siku 3 hadi 14, kisha tumia wastani. Vikipishana kwa asilimia 15 au zaidi, ongeza cha tatu.

Kibarua aliyetoka Kasulu na kuanza kazi kabla hujamwona asiachwe. Mpime alivyo, kisha mpime tena msimu ukiisha, akiwa amekaa miezi mitatu hadi minne bila dawa. Kiwango kikiwa kimepanda wazi, ujue kile cha kwanza kilikuwa kimeshushwa na sumu.

Sampuli nyingi huharibikia kwenye kidole. Dawa iliyobaki kwenye ngozi ikiingia katika tone la damu, inaua kimeng'enya humohumo na majibu yanashuka kwa uongo. Damu ya mshipa ni salama zaidi. Ukilazimika kutoboa kidole, mhusika anawe kwa sabuni na maji tele, akauke, umpake spiriti, ikauke, kisha ufute tone la kwanza. Mpime kabla hajaingia shambani, akiwa na nguo safi. Tumia chupa ya EDTA (kemikali inayozuia damu isigande) yenye kifuniko cha zambarau. Ile ya kijivu ina floraidi, nayo huzuia kimeng'enya. Weka kwenye kibebeo cha baridi, nyuzi 2 hadi 8, barafu isiguse chupa, kwa sababu chembe nyekundu zikiganda hupasuka. Tumia maabara ileile na njia ileile msimu mzima. Namba za njia mbili tofauti hazilinganishwi.

Ukiweza, pima vyote viwili, kimeng'enya cha plazma (sehemu ya majimaji ya damu) na cha chembe nyekundu. Cha plazma hushuka haraka na kurudi haraka, lakini ugonjwa wa ini, utapiamlo na ujauzito navyo hukishusha. Cha chembe nyekundu kinawakilisha vizuri zaidi hali ya mishipa ya fahamu, na baada ya oganofosfeti hupanda taratibu, takriban asilimia 1 kwa siku. Kiandikwe kwa kila gramu ya himoglobini (protini nyekundu ya damu), la sivyo upungufu wa damu utakudanganya, na kwa watu wanaougua malaria mara kwa mara hilo si jambo dogo. Kabameti huachia kimeng'enya ndani ya saa chache, hivyo majibu mazuri ya kesho yake hayaondoi uwezekano kwamba jana aliumia.

Wakati wa kupulizia, rudia kila mwezi. Mtu ambaye kipimo chake cha awali kilikuwa 34 na sasa ni 23 amebaki na asilimia 68 ya kiwango chake. Chini ya asilimia 80, kagua kazi yake siku hiyohiyo: bomba linalovuja mgongoni, dawa inayochanganywa kwa mikono mitupu, shati lisilofuliwa. Akifika asilimia 70 au chini kwa chembe nyekundu, au 60 au chini kwa plazma, aondolewe kwenye dawa hata kama anajisikia mzima, asirudi mpaka vyote vifike 80. Apewe kazi nyingine yenye ujira uleule. Akijua kipimo kitamkosesha posho, mwezi ujao hatakuja.

Kuanzia uvunaji, wengi watakuja wakitapika, wana kizunguzungu, kichwa kinauma. Usikimbilie kuandika sumu ya dawa. Jani bichi lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, hali huanza saa chache baada ya kuvuna na huisha kwa siku moja hadi tatu. Nikotini haishushi kolinesterasi, kwa hiyo ukiwa na kipimo cha awali unatofautisha kwa urahisi zaidi. Kotinini ya mkojo, yaani mabaki ya nikotini mwilini, husaidia pia, ila si kwa mvuta sigara. Anawe kwa sabuni, abadilishe nguo zilizolowa, na uvunaji usubiri umande ukauke.

Ukimkuta mwenye mboni ndogo kama tundu la sindano, mate yanayomwagika, misuli inayochezacheza na kifua kinachokoroma, hizo ni dalili za sumu kali ya dawa; usingoje maabara. Vaa glavu, mvue nguo, mwoshe, mpe oksijeni na atropini (dawa ya kupinga sumu hii) ya mshipa miligramu 1 hadi 3. Ongeza dozi maradufu kila dakika 5 hadi kifua kikauke na mapigo na shinikizo vitengemae. Tazama kifua, si mboni. Chukua damu ya kipimo, naye apelekwe hospitali pamoja na lebo ya dawa.