Kuamilisha leseni za Windows katika ofisi yenye kompyuta nyingi

Kabla kampuni haijanunua leseni za Windows kwa jumla, mhasibu na fundi wa kompyuta wakae pamoja, wahesabu mashine zote na kuandika kila moja inashinda wapi, kwa kuwa hesabu hiyo ndiyo itakayoamua namna ya kuziamilisha (activation).

Njia ziko mbili. Ufunguo wa MAK (Multiple Activation Key), yaani ufunguo mmoja wa kompyuta nyingi, huiamilisha kompyuta mara moja tu, kwa intaneti au kwa simu, na una kikomo cha matumizi. KMS (Key Management Service), yaani huduma ya kuamilisha kompyuta ndani ya mtandao wa ofisi, huhitaji seva ya ofisini, nayo haitoi kibali cha Windows za mezani (za kompyuta za watumiaji, si za seva) mpaka ifikishe hesabu ya kompyuta 25. Kibali hicho hudumu siku 180, ingawa kila kompyuta hujaribu kukihuisha kila baada ya siku 7.

Tuseme kiwanda cha minofu ya sangara kina kompyuta 40 Ilemela, zote kwenye mtandao mmoja: hapo KMS inafaa. Kompyuta mpakato ya karani wa mapokezi ya samaki aliyeko Nansio, ambayo huenda ikapitisha nusu mwaka bila kuiona seva, ipewe MAK. Ofisi ya watu 12 pale Kirumba isihangaike na KMS hata kidogo.

Kwenye seva, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, weka ufunguo wa KMS kwa amri ya slmgr /ipk (slmgr ni zana ya Windows ya kusimamia leseni), uamilishe kwa slmgr /ato, kisha ruhusu mlango wa TCP 1688 kwenye ukuta wa ulinzi wa mtandao (firewall). Kompyuta nyingine huitafuta seva zenyewe kupitia DNS, orodha ya majina ya mashine kwenye mtandao. Isiyoiona ielekezwe kwa slmgr /skms ikifuatwa na jina la seva.

Kosa 0xC004F038 lina maana kwamba hesabu haijatimia. Likitokea ilhali kompyuta ni 40, shuku unakilishaji: diski moja ikinakiliwa kwenye mashine zote bila kuendesha sysprep /generalize, amri inayofuta utambulisho wa mashine kabla ya kunakili, zote hubeba kitambulisho kimoja na seva huziona kama mashine moja. Endesha slmgr /rearm kwenye kila nakala, uiwashe upya, urudie slmgr /ato, kisha uangalie hesabu kwenye seva kwa slmgr /dlv.

Kuamilika si ushahidi wa umiliki, jambo ambalo wauzaji wa kreki (programu za kuamilisha Windows bila leseni) hawalisemi. Leseni ya jumla ya Windows za mezani ni ya kupandisha toleo, hivyo kompyuta ya mtumba iliyokuja bila Windows halali inunuliwe kwanza leseni yake kamili, na risiti ihifadhiwe kwa mhasibu.