Mwalimu umepostiwa Lamu? Soma hii kabla hujakata tiketi

Kwanza hongera. Najua wengi wakiona Lamu kwenye barua ya TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, wanashtuka, wengine hata hawaripoti, na watoto wa huku ndio wanabaki bila mwalimu wa hesabu, so nakuomba uje.

Kabla ya tiketi mpigie mwalimu mkuu umuulize shule iko wapi hasa. Lamu si mji tu. Mpeketoni na Witu ziko bara, basi linakufikisha, ukipanda ndege utashuka kisiwani halafu uanze kurudi nyuma, pesa imeenda bure. Ndege inakufaa ukiwa wa Amu, yaani Lamu mjini, au kisiwa cha Pate, Faza na Kizingitini huko.

Ndege za Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi, zinatua Manda, na Manda ni kisiwa kingine, unavuka na boti dakika chache ndio ufike mjini. Angalia kilo kwenye tiketi, zile ndogo nyingi ni 15 tu na wanataka begi laini, kwa hivyo godoro na sufuria zitume kwa basi. Wa basi anapita Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, halafu boti. Panda la asubuhi na kitambulisho kiwe mfukoni, polisi watakiomba mara kadhaa njiani.

Sasa hapa ndipo wageni wanakwama: maji. Boti za Faza hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakipwa haupitiki. Saa za kuondoka zinasogea kila siku kama dakika 50 hivi, usimwamini mtu aliyekuambia ya juzi. Mimi siku ya kwanza nilifika gatini maji yashatoka nikalala mjini bila kupanga, hela ya chakula ya wiki ikaisha usiku mmoja. Beba akiba. Na ukija miezi ya kusi, Juni Julai hivi, bahari inachafuka, vyeti orijino, namba ya TSC na PIN ya KRA (ya kodi) vifunge kwenye nailoni mbili, usiviweke chini ya boti.

Kuhusu pesa, payslip ya kwanza kagua kama hadishipu, ile posho ya mazingira magumu, imeingia, kama haipo nenda ofisi ya TSC mapema. Na ukiandikwa pamenti, yaani kazi ya kudumu, jua transfa ni baada ya miaka 5, ongea na familia sasa hivi.

Ukishuka gatini we taja jina la shule tu, utaonyeshwa boti yake.